Kimya changu, Bosco, na kosa la saa tatu

Najua nimepotea. Niliwaahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata siku ya Jumatatu, na Jumatatu tatu zimepita. Wawili kati yenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama naumwa. Asanteni, siumwi. Nilikuwa nyumbani Voi, tukimuaga mbwa.

Najua pia kuna atakayesema, "Mbwa tu?" Miaka michache iliyopita ningesema hivyo hivyo. Kwetu mbwa hulala nje, hula makoko ya ugali na mifupa ya bucha, na haingii sebuleni. Bosco aliingia mara moja tu, usiku mmoja wa radi, akafukuzwa kwa ufagio. Kwa hivyo kama umekuja kwa ajili ya hifadhidata, ruka leo, urudi wiki ijayo. Sitakasirika.

Kwanza nieleze kuhusu kibodi. Nilisafiri kwa treni ya asubuhi kutoka Nairobi, ile inayosimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na karibu na Mtito Andei nikajimwagia chai, nusu kwenye suruali, nusu kwenye laptopu. Suruali ilikauka. Laptopu ilikauka pia, isipokuwa herufi B haifanyi kazi tena. Nimeihamishia kwenye kitufe cha Caps Lock, ambacho sijawahi kukiona kikimfaa mtu. Lakini kidole bado hakijazoea. Jaribu wewe kuandika habari za mbwa aitwaye Bosco, aliyekuwa wa baba, bila B. Ukikuta neno limepungukiwa, lawama ni ya chai.

Haya.

Bosco alikuja nyumbani mwaka 2010, ndani ya mkoba wa Baba wa kazini. Baba alikuwa mtu wa reli maisha yake yote, na yule mtoto wa mbwa alipewa na mwenzake aliyekuwa akihama. Alikuwa wa rangi ya udongo wa Voi, wekundu mtupu, akilala chini humwoni. Baba alipostaafu alibaki na desturi moja ya kazini: usiku kabla ya kulala alizunguka kiwanja chote na tochi. Anaanzia langoni, anakwenda banda la mbuzi, anagonga tangi la maji kusikia limejaa kiasi gani, anarudi mlango wa jikoni. Bosco alimfuata kila usiku, hatua mbili nyuma.

Baba alifariki 2018. Baada ya mazishi Mama aliniambia kwenye simu kuwa Bosco bado anazunguka. Analala, anaamka, anazunguka njia ile ile, langoni, bandani, kwenye tangi, jikoni. Nikasema, "Kweli, Mama?" kwa ile sauti ambayo mtu humjibu mama yake akiwa anasoma kitu kingine kwenye skrini.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nilihamia Voi miezi kadhaa kufanyia kazi huko. Mbuzi wawili walikuwa wameibwa, na ndovu nao hutoka mbugani wakati wa kiangazi, kwa hivyo nikaweka kamera mbili, moja langoni na moja kwenye banda la mbuzi, zikiongozwa na Raspberry Pi 4. Wasomaji wa zamani mnakumbuka, nilijisifu sana hapa. Ile modeli ya kutambua picha niliyoipakua ilikuwa imefundishwa vitu 80. Inajua ndovu, twiga na pundamilia, jambo zuri kwa mtu wa Voi. Inajua dubu. Haijui mbuzi. Waliotengeneza orodha ile hawakuona haja ya mbuzi. Kwa hivyo mbuzi wetu waliishi kama kondoo, wakati mwingine ng'ombe, na beberu mmoja kuna usiku alikuwa farasi.

Bosco yeye ilimjua vizuri. Shida ni kwamba ilimjua mno. Kila alipopita mbele ya kamera simu yangu ililia. Saa nne usiku: mbwa. Saa sita: mbwa. Saa tisa: mbwa. Baada ya wiki moja ya kukosa usingizi nikaandika mistari miwili ya programu: ukiona mbwa usinitumie arifa, andika tu kwenye faili la kumbukumbu na uendelee. Nililala usingizi mzuri sana usiku ule. Sikulifungua faili lile kwa karibu miaka mitano.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mama alipiga simu. "Bosco anakunywa maji sana siku hizi." Nikamwambia ni joto. Voi ni Voi. Mwezi wa tatu akasema, "Amekonda, na mdomo unanuka." Nikasema ni meno ya uzee, mpe uji. Kisha kwa muda hakumtaja tena, nami nikadhani mambo ni sawa. Dada yangu, aliyeko Mombasa, ndiye aliyenipigia. Mama alikuwa amemwita daktari wa mifugo mwenyewe, akalipa mwenyewe, damu ikapimwa. Figo zilikuwa zimekwisha.

Usiku ule, nikiwa Nairobi, nilifanya kile ninachojua kufanya. Niliingia kwenye ile mashine ya Voi kupitia mtandao na kufungua faili la kumbukumbu. Mistari ilikuwa maelfu, yote ikisema mbwa, mbwa, mbwa, na saa pembeni. Nikaandika programu ndogo ya kuhesabu.

Mwaka 2020 Bosco alizunguka mara nane au tisa kwa usiku. Baadaye mara tano. Mwaka jana mara tatu. Mwaka huu ulipoanza mara mbili, kisha mara moja. Lakini si hesabu hiyo iliyonisimamisha. Kwa kuwa kamera ni mbili, unaweza kutoa saa ya langoni kwenye saa ya bandani ukajua alitumia muda gani njiani. Ni hatua kama 60 hivi. Mwaka 2020 alizimaliza kwa sekunde 40. Mwezi wa tatu mwaka huu, dakika sita. Na usiku mmoja wa mwezi wa nne kuna mstari wa langoni, halafu bandani hakuna kitu. Baada ya dakika 25, mstari mwingine, tena wa langoni. Alijaribu, akakata tamaa katikati, akarudi.

Nilikaa nao mstari huo muda mrefu. Sikuuandika mimi, ila mimi ndiye niliyeiambia mashine isinisumbue nao.

Hapa niwaeleze jambo la kiufundi, kwa sababu ndilo lililoleta balaa. Mashine ile, kama seva nyingi, huandika saa kwa UTC, yaani saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa tisa kamili usiku ya Voi huandikwa 00:00. Na sisi Waswahili tuna hesabu yetu ya pili juu ya hiyo, maana 00:00 hiyo hiyo mtu akiisoma kwa mazoea anakwambia ni saa sita usiku. Usiku ule kichwa changu kilichoka kuongeza tatu kila mstari. Nikabadilisha ukanda wa saa wa laptopu yote ukawa UTC. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nimekuwa kwenye kazi hii miaka kumi na miwili.

Siku ya pili nikapanda treni, nikamwaga chai.

Mama alinipokea langoni. Bosco alikuwa amelala chini ya mwarobaini, akapiga mkia chini mara mbili bila kuinuka. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. Mbavu ungeweza kuzihesabu bila programu.

Baada ya chakula nilimwonyesha Mama mchoro niliochora, ile mistari ya mwaka hadi mwaka. Alivaa miwani akautazama kwa heshima.

"Hii ndiyo Bosco?"

"Ndiyo, Mama. Hapa ni 2020, hapa ni sasa."

"Inashuka."

"Inashuka."

"Si nilikwambia mwezi wa pili, baba."

Akavua miwani, akaenda kuanua nguo.

Daktari alikuja jioni kutuelezea. Ni kijana mpole, anaongea polepole na wakati wote mkono uko juu ya mnyama. Alisema angeweza kumpa dripu siku tatu, nne. Ataamka, atakula kidogo, tutafurahi, kisha atarudi pale pale, kwa sababu figo ya mbwa ikishakufa haioti nyingine. Mimi nilitaka hizo siku nne. Nilikuwa na sababu nzuri nyingi. Nikasema tupime tena damu baada ya wiki, tulinganishe, tuone mwelekeo. Nilisema neno "takwimu" mbele ya mama yangu na mbwa anayekufa.

Mama alimsikiliza daktari, akanisikiliza mimi, akasema, "Baba yako nilikaa naye hospitalini wiki tano. Kila asubuhi waliniambia tungoje vipimo. Yeye aliweza kuniambia anataka maji. Huyu hawezi." Akamgeukia daktari. "Jumamosi utapata nafasi?"

Tukakubaliana Jumamosi, saa nne asubuhi. Daktari akaagiza kaburi lichimbwe refu, futi tano, sio chini. Nilidhani ni heshima tu. Akaeleza kuwa dawa ile haiondoki mwilini mnyama akifa. Fisi akifukua akala, au tai, naye anakufa, na sisi tuko ubavuni mwa Tsavo. Sikulijua hilo, nikaona niwaandikie, kuna mwenye mbwa mzee anasoma hapa.

Usiku huo nikafungua kalenda kwenye laptopu kumtumia dada mwaliko. Ikaniuliza kitu kuhusu ukanda wa saa. Nikabofya ndiyo bila kusoma, jinsi ninavyowakataza nyinyi. Nikaandika: Bosco, Jumamosi, 10:00. Nikatuma.

Ijumaa usiku Mama alikuwa amechemsha matumbo kwa jiko la makaa, chakula cha mwisho cha Bosco, stima ikapotea. Tokeni zilikuwa zimekwisha. Nikanunua kwa simu, nikatoka nje kwenye mita na tarakimu 20, tochi mdomoni. Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili simu ilizima skrini nikiwa kwenye tarakimu ya kumi na sita. Nilitukana kwa lugha mbili. Nilipoanza mara ya tatu nikasikia kitu kimenigusa mguu. Bosco alikuwa ametoka chini ya mwarobaini, hatua labda kumi, akaja akalala juu ya viatu vyangu. Kulikuwa na mtu na tochi kiwanjani usiku, basi akaja. Matumbo hakuyagusa.

Jumamosi saa nne kasoro daktari alifika na pikipiki yake. Dada hakuwepo. Nikampigia.

"Uko wapi?"

"Ndiyo natoka nyumbani. Kwani vipi? Si saa saba?"

"Saa saba ya nini? Saa nne!"

"Wee, kalenda yako imeandika saa saba. Nakutumia picha."

Akatuma picha. Saa saba mchana, imeandikwa wazi, na jina langu juu. Nilielewa kabla hata ya kuikuza. Kumi ya UTC ni saa saba ya Mombasa. Yuko kilomita 150 kutoka hapa, na mtoto mkononi, akimngoja mjomba mwenye akili za kompyuta.

Nilimweleza daktari, nimeinama kama mwanafunzi. Hakukasirika. Alisema ana ng'ombe wa kumtazama Mwatate, ataenda kisha atarudi saa saba. Kabla ya kuondoka alimchoma Bosco sindano mbili, moja ya maumivu na moja ya kichefuchefu, ili asiteseke akingoja.

Kwa hiyo tukapata saa tatu ambazo hazikuwepo kwenye mpango.

Mimi nilizitumia kuchimba. Udongo wa Voi kiangazi ni tofali. Vijana wawili wa jirani walinionea huruma baada ya futi moja na nusu, wakaja na sururu zao. Mikono yangu, iliyozoea kibodi, ilitoka malengelenge kabla ya nusu saa. Simu ililia, mteja fulani, ripoti yake haichapishi. Nikamwambia Jumatatu.

Karibu na saa tano Mama aliniita kwa sauti ya chini. Bosco alikuwa amesimama. Ile sindano ya kichefuchefu ilikuwa imefanya kazi. Alinusa sufuria ya matumbo, akala kipande, akapumzika, akala kingine. Sita kwa jumla. Mama alihesabu, si mimi. Kisha akaanza kutembea kuelekea langoni.

Mama alimfuata. Sijui kama alikusudia. Walifika langoni wakasimama. Wakaenda bandani, hatua zile 60, na Mama akipunguza mwendo ili awe nyuma yake, mbuzi wakiwatazama. Kwenye tangi Bosco alisimama tena, hasogei, anamtazama Mama. Mama naye anamtazama. Mimi niko ndani ya shimo hadi kifuani, nikasema, "Mama, gonga tangi." Akagonga. Bosco akaendelea hadi mlango wa jikoni, akalala.

Nimeangalia baadaye. Kamera ya bandani imeandika saa tano na dakika 26: mtu, mbwa. Kwa UTC ni 08:26.

Dada alifika saa saba na nusu na binti yake wa miaka tisa, ambaye alikaa chini kando ya Bosco na kuniuliza, "Mjomba, ana miaka mingapi ya watu?" Nikasema 15 mara saba, kisha nikakumbuka kuwa hesabu hiyo ya saba haina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilinganisha alama zinazobadilika juu ya DNA kadiri umri unavyosonga, za mbwa 104 aina ya Labrador na za watu. Walipata kwamba mbwa huzeeka haraka sana mwanzoni kisha hupunguza kasi. Unachukua logariti asilia ya miaka yake, unazidisha kwa 16, unaongeza 31. Bosco si Labrador, ni mbwa wa Voi, lakini nilihesabu kwa simu: 74.

"Kumbe amenizidi mwaka," akasema Mama. "Na mimi namwita mtoto."

Ndiyo mara pekee tuliyocheka siku hiyo, na binti hakuelewa kwa nini baada ya kucheka bibi yake alijifuta uso na kanga.

Daktari alirudi saa nane. Mama alileta koti la Baba la kazini, lile zito la buluu, akalitandika chini ya mwarobaini. Sindano ya kwanza ni ya usingizi. Ilichukua kama dakika kumi, Bosco akakoroma kama anavyokoroma siku zote. Binti akasema, "Amelala tu." Daktari akasubiri hadi dada alipomchukua mtoto kwenda kuona mbuzi. Sindano ya pili iliingia mshipa wa mguu wa mbele. Mkono wangu ulikuwa mbavuni mwake, na sikujua ni wakati gani hasa, kwa sababu nilihisi mapigo ya kidole changu mwenyewe nikadhani ni yake. Daktari alisikiliza kwa kifaa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Tulimzika na koti. Dada alitaka libaki, Mama akakataa.

Jumamosi usiku nilikuwa kitandani nikirudisha laptopu kwenye saa za Nairobi, kazi ya sekunde tano, simu ikalia. Arifa kutoka kamera ya langoni: mtu. Nilikaa wima. Baada ya dakika mbili kamera ya bandani: mtu. Nilichukua rungu la Baba nyuma ya mlango nikafungua dirisha taratibu.

Ilikuwa ni Mama, na tochi. Alikuwa amefika kwenye tangi. Nikasikia akigonga, mara tatu, juu, katikati, chini.

Sasa nimerudi Nairobi. Arifa huja kila usiku kati ya saa tatu na saa nne: mtu, langoni, mtu, bandani. Dada anataka kumletea mtoto wa mbwa, kuna jirani yake huko Mombasa ana wanne. Mama amesema tungoje mvua zianze kwanza. Jana arifa ya bandani ilichelewa dakika tatu nzima, nikampigia. Alikuwa amesimama njiani kufunga kiatu, akaniuliza kwa nini sijalala.

Kibodi mpya inafika Alhamisi. Hifadhidata, sehemu ya pili, Jumatatu.